Fomu Isikuponyoke: Namna ya Kuzuia Kurasa Zinazojipakia Upya

Unajaza fomu, au unasoma jedwali refu la matokeo, au umefika katikati ya maelezo uliyoyafikiria tangu asubuhi. Ghafla skrini inakuwa nyeupe, kiduara kinazunguka pale juu, kisha ukurasa unarudi ukiwa mtupu. Watu husema tu "imejirifreshi", wanaanza upya, na baada ya nusu saa yanawapata yale yale.

Nimewajazia watu fomu kwenye duka la steshenari kwa misimu kadhaa ya maombi ya mikopo ya chuo na ya ajira. Nilichokiona pale ni kwamba wengi wanatibu ugonjwa ambao hawajaupima. Aliyepoteza kazi yake kwa sababu simu imeishiwa kumbukumbu ananunua bando kubwa zaidi. Aliyesahauliwa na seva anabadilisha kivinjari. Wanaoweza kukupokonya ukurasa ni wanne: ukurasa wenyewe, kivinjari au simu, kidole chako mwenyewe, na seva iliyoko mbali. Dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Kwa hiyo usianze na mipangilio, anza na saa.

Pima kwanza

Uache ukurasa wazi mbele yako bila kuugusa, na utazame saa. Ukijipakia upya machoni pako, kisha ukarudia baada ya muda ule ule, tuseme kila dakika tano, mhusika ni ukurasa wenyewe: aliyeutengeneza ameuagiza ufanye hivyo. Ukitulia muda wote unapoutazama, lakini ukienda kwenye kichupo kingine au WhatsApp na kurudi unaukuta unaanza upya, mhusika ni kivinjari au simu inayobana kumbukumbu. Ukibonyeza "Endelea" au "Tuma" ukajikuta mbele ya ukurasa unaodai nywila, seva imekusahau. Na kama jambo hili linatokea kwenye simu pale tu unapouvuta ukurasa kwenda chini, ni kidole.

Dakika kumi za kupima hivi zitakuokolea jioni nzima.

Ukurasa ulioagizwa kujipakia

Agizo la ukurasa kujipakia upya lina umri mkubwa. Lilianza katikati ya miaka ya 1990 kwenye kivinjari cha Netscape, wakati hapakuwa na njia nyepesi ya kubadilisha kipande kimoja cha ukurasa bila kuuleta mzima. Tovuti ya habari au ya matokeo ya mpira ilitaka msomaji aone mapya, basi ikauambia ukurasa: kila baada ya sekunde kadhaa, jilete tena. Kufikia mwaka 2005, Jesse James Garrett alipoupa jina la Ajax utaratibu wa kuleta kipande kinachohitajika tu, sababu ya agizo hilo ilikuwa imeshapungua sana. Lakini bado lipo, na mahali pengine lipo ili matangazo yaonyeshwe upya.

Kwenye kompyuta unaweza kulitafuta mwenyewe. Bonyeza Ctrl na U pamoja. Utaona maandishi ya ndani ya ukurasa. Yasikutishe. Bonyeza Ctrl na F, andika neno refresh. Ukikuta mstari wenye http-equiv="refresh" content="300", umempata: namba hiyo ni sekunde, yaani kila dakika tano ukurasa utajileta upya. Usipokuta kitu na bado ukurasa unajipakia kwa saa maalumu, mara nyingi kazi hiyo inafanywa na JavaScript, lugha inayoendesha mambo mengi ndani ya kurasa.

Kwa agizo la aina ya kwanza, kivinjari kinachokupa nguvu zaidi ni Firefox ya kompyuta. Andika about:config pale juu panapoandikwa anwani, ukubali onyo linalotokea, kisha tafuta accessibility.blockautorefresh. Utaona imeandikwa false. Ibonyeze mara mbili iwe true. Kuanzia hapo, ukurasa ukitaka kujipakia, Firefox itauzuia na kukuonyesha utepe juu yake wenye kitufe cha kuruhusu. Uamuzi unabaki kwako. Ila fahamu mpaka wake: haizuii ukurasa unaojipakia kwa JavaScript.

Kwa ukurasa wa kusoma tu, kuna njia nzuri zaidi ambayo watu wachache huitumia. Firefox, Edge na Safari zina hali ya msomaji, inayochukua maandishi na picha na kuacha matangazo na programu zote za ukurasa nyuma. Kwenye Windows, Firefox na Edge huifungua kwa kitufe cha F9. Makala iliyofunguliwa hivyo inatulia kama karatasi. Mwalimu anayenakili maelezo kutoka tovuti ya habari, au mwandishi anayefasiri kipande kirefu, aanzie hapa kabla ya kuhangaika na kingine chochote.

Ukurasa ukikataa kufunguka katika hali hiyo, kama yanavyofanya majedwali mengi, uhifadhi. Ctrl na P, kisha chagua kuhifadhi kama PDF badala ya kuchapa kwenye karatasi. Sasa una nakala yako isiyobadilika, na hutumii bando tena kuisoma.

Kwenye Chrome unaweza kuizima JavaScript kwa tovuti moja tu: bonyeza alama iliyo kushoto kwa anwani, ingia kwenye mipangilio ya tovuti hiyo, tafuta JavaScript, izuie, kisha pakia ukurasa. Dawa hii ni kali. Inafaa kwenye kurasa za kusoma. Kwenye fomu usiithubutu, kwa sababu fomu nyingi za leo hazitikisiki bila JavaScript: vitufe havitabonyezeka, orodha za mikoa na wilaya hazitafunguka.

Na kuna ushauri mmoja ninaousikia mara kwa mara ambao ningependa uache kusambaa: eti ukishafungua ukurasa, zima data, hautajipakia tena. Utajipakia. Muda ukifika, ukurasa utajaribu kwenda mtandaoni, utakosa njia, na kivinjari kitakuwekea tangazo la kosa mahali ulipokuwa ukurasa wako. Kwenye Chrome utamwona yule dinosaria mdogo. Umezima data na ukurasa umeupoteza vilevile.

Kwa fomu iliyo kwenye kompyuta, kinga ninayoiamini ni hii. Bonyeza F12, chagua sehemu iitwayo Console, uandike kwa mkono wako:

window.onbeforeunload = () => true

Bonyeza Enter, kisha bofya mahali popote ndani ya ukurasa. Tangu hapo, kabla ukurasa haujaondoka, kivinjari kitasimama na kukuuliza kama kweli unataka kuuacha. Ukijibu hapana, maandishi yako yanabaki. Kinga hii inaisha ukurasa ukishafungwa au ukipakiwa upya, kwa hiyo unaiandika kila unapoanza fomu mpya. Na kwa vile nimekufungulia mlango huo, nikuonye kwa dhati: kamwe usibandike pale maneno uliyotumiwa na mtu usiyemjua. Kinachoandikwa kwenye Console kinafanya kazi kwa mamlaka yako, na matapeli hukitumia kuiba akaunti. Mstari huu mmoja niliokupa ni mfupi, uandike, usinakili.

Kivinjari kinachobana kumbukumbu

Kila kichupo unachokiacha wazi kinakula RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kifaa hufanyia kazi. Ikianza kujaa, kivinjari kinachagua vichupo ambavyo hujavitazama kwa muda na kuvitupa. Jina la ukurasa na alama yake vinabaki pale juu, kwa hiyo unadhani upo. Ndani hamna kitu. Ukikibonyeza, unaletwa upya kutoka mtandaoni.

Chrome ilianza kutupa vichupo kwa namna hii mwaka 2015, na mwishoni mwa mwaka 2022 ikaongeza kipengele kiitwacho Memory Saver ambacho kinafanya hivyo hata kabla mambo hayajabana. Kukidhibiti ni rahisi: fungua mipangilio, ingia Performance, na utaona sehemu ya kuongeza tovuti ambazo zisiguswe kamwe. Weka pale tovuti unayofanyia kazi. Sikushauri uzime kipengele chote kama kompyuta yako ina GB 4 za RAM au pungufu, utakwama kwingine. Edge ina utaratibu unaofanana nao, wa kuvilaza vichupo, na nayo ina orodha ya tovuti zisizolazwa.

Ukitaka kulinda kichupo kimoja kwa siku moja, andika chrome://discards kwenye sehemu ya anwani. Utaona orodha ya vichupo vyako vyote, na safu inayoonyesha kama kila kimoja kinaruhusiwa kutupwa. Kizuie kile unachokijali.

Ukiwa saiba au kwenye kompyuta ya ofisi ya mtu, omba ruhusa kabla ya kugusa mipangilio hii, na uirudishe ulivyoikuta.

Simu ndiko wengi wanakoumia

Chrome ya kompyuta ina huruma kidogo: ikiona umeanza kujaza fomu, Memory Saver hujitahidi kutoitupa. Simu haina subira hiyo. Kwenye Android, mwenye kuamua ni mfumo wenyewe wa simu, na RAM ikiisha unaiua programu yoyote iliyo nyuma ili kuipisha iliyo mbele. Hauulizi ndani kuna nini. Ndiyo maana mtu mwenye simu ya GB 2 anaweza kuandika ukurasa mzima, akaenda kusoma ujumbe mmoja tu, akarudi akakuta fomu imekuwa nyeupe.

Dada mmoja alifika dukani jioni akiwa na simu ya namna hiyo. Alikuwa amejaza maombi yake mara nne tangu mchana, na kila mara yalimponyoka mahali pale pale: kwenye kuambatisha cheti. Nikamwambia afanye mbele yangu. Alibonyeza kuchagua faili, simu ikampa chaguo la kamera, akaichagua, akapiga picha ya cheti, akabonyeza sawa. Aliporudi, kivinjari kilianza ukurasa upya. Kamera ni programu nzito. Simu ilikuwa imemuua Chrome ili kamera ipate nafasi. Mtandao haukuwa na kosa lolote, wala tovuti ile.

Tuliifunga fomu. Tukapiga picha zote kwanza, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, picha ndogo yake, tukazipunguza ukubwa hadi kiwango kilichotakiwa na kuziweka kwenye folda moja. Tukaizima simu na kuiwasha. Tukafungua kivinjari peke yake, bila programu nyingine, na safari hii alipochagua faili alichagua folda, si kamera. Maombi yalienda. Tangu siku hiyo sianzi fomu ya mtu yeyote kabla viambatisho vyake vyote havijawa tayari, na nakushauri ufanye vivyo hivyo, hata kama simu yako ni mpya.

Tatizo la pili la simu ni namba ya uthibitisho inayokuja kwa ujumbe mfupi. Ikifika, usiondoke kwenye fomu. Shusha pazia la arifa kutoka juu ya skrini, uisome hapo, ulipandishe tena. Mara nyingi kibodi yenyewe itakuonyesha namba hiyo uibonyeze tu. Ikikulazimu kufungua ujumbe, tumia skrini iliyogawanywa, ambayo Android imekuwa nayo tangu toleo la 7 la mwaka 2016: programu mbili zinaonekana kwa pamoja, moja juu na moja chini, na kwa kuwa zote ziko mbele, simu haina sababu ya kuiua hata moja. Unaifungua kwenye orodha ya programu ulizotumia karibuni, kwa kubonyeza alama ya programu. Simu kadhaa zinazouzwa kwetu, zikiwemo Tecno, Infinix na Xiaomi, zina pia alama ya kufuli kwenye orodha hiyo hiyo. Ukiifunga programu kwa kufuli, ukisafisha nyingine yenyewe inabaki.

Kuhusu kidole, jambo ni fupi. Ukiwa juu kabisa ya ukurasa na ukauvuta chini, Chrome ya simu inaelewa kwamba unataka upakiwe upya. Ukitaka kupanda juu ya fomu, panda taratibu, na usiendelee kuvuta ukishafika mwanzo. Firefox ya Android inakuruhusu kuizima tabia hii kwenye mipangilio yake, sehemu ya ishara za vidole, na kwa sababu hiyo pekee naipendelea kwa kujazia fomu ndefu.

Seva inaposahau

Huyu wa nne ndiye mwenye madhara makubwa, maana ukurasa unakaa mbele yako umetulia, unaandika kwa raha, na hasara unaijua mwishoni. Ukiingia kwenye tovuti kwa nywila, seva inakuwekea kumbukumbu ya muda kwamba wewe ni fulani. Usipoipelekea kitu kwa muda fulani, inahesabu umeondoka. Na kwake kuandika si kitu: herufi zako ziko kwenye kompyuta yako, hazijaenda popote mpaka ubonyeze kitufe. Ukitumia dakika arobaini kutunga barua ya maombi ndani ya kisanduku, seva imesikia kimya cha dakika arobaini.

Muda wenyewe mara nyingi hakuna aliyeukaa na kuupanga. Ni ule uliokuja na programu. Katika PHP, inayoendesha sehemu kubwa ya tovuti duniani, kiwango cha kawaida ni sekunde 1440, yaani dakika 24. Katika ASP.NET ni dakika 20, na katika Tomcat ni 30. Chukua robo saa kama kipimo chako cha usalama. Kama fomu ina kitufe cha kuhifadhi na kuendelea, kibonyeze kila robo saa hata kama hujamaliza sehemu. Kama haina, andika maelezo marefu nje, kwenye Notepad au kwenye programu ya kuandikia ya simu, kisha uyabandike.

Kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha mwisho, bofya ndani ya kisanduku kirefu, Ctrl na A, Ctrl na C. Sekunde mbili. Seva ikikurudisha kwenye nywila, bado unayo.

Na ukihisi muda umeshapita, usibonyeze. Nakili kwanza, kisha fungua tovuti hiyo hiyo kwenye kichupo kipya, ingia kwa nywila yako, urudi kwenye kichupo cha zamani na kujaribu kutuma. Mara nyingi inakubali, kwa kuwa vichupo viwili vya kivinjari kimoja vinatumia utambulisho mmoja. Tovuti nyingine hukataa kwa sababu za usalama, ndiyo maana nimesema nakili kwanza.

Una haki ya kulalamika pia. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote, WCAG, tangu toleo lake la mwaka 2008 unataka mtumiaji aweze kuuzima au kuurefusha muda aliowekewa, au aonywe kabla haujaisha na apewe angalau sekunde 20 za kuurefusha kwa tendo jepesi, na aweze kufanya hivyo mara kumi au zaidi, isipokuwa pale ambapo muda ni wa lazima, kama kwenye mnada. Haukuandikwa kwa ajili ya starehe. Asiyeona, anayesomewa ukurasa kwa sauti na programu ya kompyuta, ukurasa ukijipakia anarushwa hadi mstari wa kwanza na kulazimika kusikiliza menyu zote tena. Anayeandika kwa kidole kimoja kwa sababu ya ulemavu wa mikono anahitaji muda mrefu kuliko wako. Unapowaandikia wenye tovuti, taja mwongozo huo, kipengele cha 2.2.1, na ueleze ni hatua gani hasa ya fomu iliyokupotea. Barua ya namna hiyo mafundi wao wanaweza kuifanyia kazi.

Ikishatokea

Usibonyeze kitu kwa hasira. Jaribu kwanza kurudi nyuma, kwa mshale wa kivinjari au Alt na mshale wa kushoto. Mara nyingine ulichojaza kimebaki pale. Kama kichupo kimefungwa kabisa, Ctrl, Shift na T vitakifungua tena.

Kivinjari kikikuuliza kama unataka kutuma fomu upya, na ukurasa ulikuwa wa malipo au wa kuwasilisha maombi, kataa. Swali hilo maana yake ni kwamba ulichotuma huenda kimeshafika, na ukikubali kitatumwa mara ya pili. Angalia kwanza ujumbe wa simu, barua pepe au salio lako, ndipo uamue.

Mwisho kuna kitu cha kuwasha leo, kwa sababu ukingoja siku ya msiba hakitakusaidia. Kwenye Windows 10 na 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V, ukubali kuwasha historia ya ubao wa kunakilia. Kuanzia hapo kompyuta inakumbuka vitu kadhaa ulivyonakili, si kile cha mwisho tu. Kwenye simu, kibodi ya Gboard ina ubao kama huo. Unakibakiza ulichonakili kwa saa moja, na ukikibandika kwa pini kinakaa mpaka ukiondoe mwenyewe. Kwenye kompyuta ya saiba fanya kinyume: kabla hujainuka, fungua orodha hiyo na ufute kila kitu, maana namba yako ya kitambulisho inaweza kuwa ndani yake.